Mfupa Wangu Wenye Matundu

Nakiri kwamba kwenye matanga ya mama mkwe wangu, niliyempenda kweli, ni mimi peke yangu niliyekaa na macho makavu.

Juma lile nilikuwa na mafua makali. Muuguzi wa mtaa wetu wa Saio, hapa Bunia, alinionyesha picha ya fuvu, kisha akanigusa katikati ya macho.

"Papa, humu ndani kuko kamufupa, etimoide. Iko na matundu sawa chekeche. Ubongo iko juu, pua iko chini. Usipenge kwa nguvu."

Mimi niliyeishia darasa la nne nilielewa jambo moja tu: mfupa wangu umetoboka, na ubongo unaweza kunishukia puani kama unga.

Siku tatu baadaye mama mkwe akafariki. Matangani nikakaa uso juu, maana anayelia lazima apenge. Shemeji zangu wakanong'ona, mpaka mkubwa wao akanikabili mbele ya watu wote.

"Bokilo, shemeji yetu, mama alikukosea nini? Kama hauna machozi, kesho hautabeba sanduku yake!"

Kumbeba ndiyo heshima niliyoitaka. Nikasema ukweli: "Siwezi kulia. Etimoide yangu imetoboka. Ubongo itavuja."

Yule muuguzi, ambaye naye alikuja kuomboleza, akapaza sauti kutoka walikokaa wanawake: "Papa, ile matundu iko kwa kila mutu! Hata mama aliyelala pale iko nayo!"

Matanga mazima yakacheka, hadi baba mkwe. Shemeji akanipiga begani.

"Lia tu, bokilo. Kwako hakuna kitu ya kuvuja."