Hata Siku Ile Sikujaza

Walisema masika ya kwanza yatanimaliza. Gari litafia kwenye tope la Kilwa, nami nitatoroka kurudi Dar es Salaam, wakopeshaji wangu nikiwaachia matairi. Aliyesema kwa sauti kubwa kuliko wote ni mjomba wangu wa Mitwero, na ndiye aliyenikopesha fedha nyingi kuliko wote, za korosho zake. Wakopeshaji wengine walikuwa mama mmoja muuza samaki na mwalimu wangu wa zamani.

Sikurudi nyumbani kubahatisha. Nilikuwa na stashahada ya ufundi wa magari, ya kwanza katika ukoo wetu. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara imefunguliwa kwa wote, na kila aliyeweza kununua chuma chenye magurudumu alikiingiza barabarani. Mimi nilinunua pikapu iliyokufa, nikaifufua kwa mikono yangu, nikafunga turubai na mabenchi mawili yanayotazamana, nikaanza kubeba abiria kati ya Nangurukuru na Lindi.

Kila alfajiri nilikagua breki kabla ya kunywa chai. Sikusimamisha mtu garini, sikupandisha mtu juu ya keria, na miteremko yote niliishuka kwa gia ya pili. Wenzangu walijaza watu kama magunia na kukimbizana kwenye changarawe. Tulizoea kuona kandambili zimetawanyika kando ya njia, tukajua yaliyotokea bila kuuliza. Vijiji vyote vya njia ile vilikuwa na mtu wa kutembelea gongo, na makaburi ambayo udongo wake haujakauka.

Hata hivyo abiria walinikimbia. "Injinia, tushuke tusukume?" walinipigia kelele. Mabenchi yangu yalikwenda nusu tupu, na madeni yalibaki palepale.

Asubuhi moja pale Nangurukuru nilimkuta mjomba na magunia yake ya ufuta.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, injinia. Leo tunafika, au jua litatuzamia njiani?"

"Tunafika. Panda, mbele kuna nafasi."

Akatazama gari la pili, ambalo utingo wake alikuwa bado anaita watu huku wengine wamekalia keria. "Lile linaondoka sasa hivi."

"Lile limejaa, mjomba."

"Ndiyo. Na wewe ungekuwa unajaza kama yule, ungekwisha kunilipa."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba naye akacheka, akapakia ufuta wake kwenye gari lile, akapanda.

Niliwakuta kwenye mteremko kabla ya Mchinga. Gari lilikuwa limelala ubavu chini ya tuta, tairi moja liko hewani. Magunia yalikuwa yamepasuka, ufuta umemwagika kila mahali na kunata kwenye damu, hata watu hukuweza kuwatambua upesi. Mjomba nilimtambua kwa kanzu. Nilimshika shingoni, nikamfumba macho, nikamfunika kwa kanga ya mama mmoja.

Abiria wangu walishuka wenyewe. Nilichukua spana, nikafungua mabenchi ili majeruhi walale sakafuni. Walipoenea, watu walitaka niongeze wengine juu yao.

"Hapana. Wenye mbavu zilizovunjika hawalaliani. Nitarudi."

"Una moyo wa jiwe wewe!" mtu mmoja alinifokea.

Hata siku ile sikujaza. Mwanamke aliyevunjika miguu yote miwili aliuliza gari ni la nani. Akajibiwa ni la injinia. "Alhamdulillahi," akasema, "basi twende polepole." Niliwafikisha hospitali Lindi, nikarudi mara ya pili kwa majeruhi, na mara ya tatu kwa mjomba. Wawili kati ya wale niliowaacha nilikuta wamekwisha kufa. Sijui kama kujaza kungewaokoa. Najua hakuna aliyefia garini mwangu.

Kabla jeneza la mjomba halijatolewa uani, kaka yake alisimama akatangaza kama ilivyo ada: anayemdai marehemu, au anayedaiwa na marehemu, ajitokeze kwa warithi. Wengi husubiri watu watawanyike. Mimi nilisimama palepale.

"Mimi nadaiwa. Nitalipa yote."

Baada ya matanga, Nangurukuru ilibadilika. Magari mengine yaliita, watu wakakaa kivulini kunisubiri. Hakuna tena aliyetaka kusukuma. Mabenchi yalijaa watu wa kukaa tu, safari baada ya safari, na fedha zikaja. Nilimlipa muuza samaki. Nilimlipa mwalimu, akanishika mkono muda mrefu.

Wa mwisho alikuwa mkaza mjomba, mjane wa marehemu. Alikuwa bado kwenye eda, kwa hiyo nilikaa barazani, pazia likiwa kati yetu, na binti yake akapokea fedha.

"Umemaliza?" mkaza mjomba akauliza kutoka ndani.

"Nimemaliza, mkaza mjomba. Sina deni tena."

"Marehemu alisema hutaweza."

"Najua."

"Umezipataje upesi hivyo?"

"Watu wanapanda gari langu siku hizi."

"Tangu lini?"

Nilitazama pazia. "Tangu tulipomzika mjomba."

Binti akazifunga fedha kwenye pindo la kanga, akakaza fundo kwa meno. Nikaaga, nikatoka. Kutoka Mitwero mpaka Nangurukuru hakuna mtu aliyenidai hata senti. Garini abiria walikuwa wamekwisha kukaa, kimya, wananisubiri.