Kiti Kilichopimwa kwa Koti

Gari la baba lilikuwa la mbio, la milango miwili na viti viwili, rangi ya kijani iliyochujuka, na aliyelitengeneza hakuwa mtu wa kuwahurumia binadamu. Ukilikalia, miguu inanyooka mbele kama umekaa sakafuni. Springi zake zilikuwa ngumu hivi kwamba ukikanyaga njiti ya kiberiti barabarani, unajua kama ina kichwa au haina. Baba alilinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, siku zile baba akiwa fundi wa mitambo shambani humo. Mama alikuwa anataka ng'ombe. Aliletewa gari lisiloweza kubeba hata gunia la mahindi, na sidhani aliwahi kumsamehe baba kabisa, ingawa kila Krismasi alifunga kitambaa kichwani akaingia, wakaenda Ronge, kijijini kwa kina baba kule milimani, wawili tu, sisi watoto tukifuata kwa basi pamoja na mizigo.

Saratani ilipofika kwenye mgongo wa baba, daktari alituambia tumpeleke nyumbani akapumzike. Tulidhani nyumbani ni Kaloleni, hapa Voi, tulikokaa maisha yetu yote. Baba akasema nyumbani ni Ronge. Kaka yangu akapiga simu kutoka Nairobi na kuamua, kama anavyoamua kila jambo ambalo hatalifanya yeye, kwamba tukodi ambulensi.

"Siendi nikiwa nimelala," baba alisema. "Gari likipanda kule na mtu amelala ndani, akina mama wanaanza kulia hata halijasimama. Sitaki kuliliwa nikisikia."

"Sasa utaenda na nini, mzee?" mama akamuuliza.

"Na gari langu. Niliingia Ronge na hiyo gari nikiwa nimekaa. Nitaingia tena nimekaa."

Nilimwambia gari hilo litamuua. Wakati huo hata ukikalia ukingo wa kitanda chake, godoro likitikisika kidogo tu, alikuwa anafumba macho na kung'ata shuka. "Basi lilainishe," akasema.

Aliniambia mimi kwa sababu mimi ndiye mtoto wake pekee aliyerithi ugonjwa wa magari. Kaka yangu hajui hata boneti inafunguliwa wapi. Mimi, binti, nilikua nikimshikia baba spana, na mpaka leo nikisikia injini inakohoa mahali nageuka kabla ya kugeukia mtu anayeniita.

Nikalipeleka gereji. Mafundi walinicheka, maana watu huleta magari kama hayo yazidishiwe kishindo, si yapunguziwe. Tulitoa springi zake tukaweka za gari dogo la kawaida, tukaliinua, tukabadilisha mipira yote ya chini ya kupunguza mtikisiko, iliyokuwa imekauka. Ekzosi iliyokuwa ikinguruma tukaibadilisha, kwa sababu ngurumo ile nayo ilikuwa inaingia mifupani. Chini ya zulia tukalaza blanketi kuukuu. Kila jioni niliweka sufuria ya maji kwenye kiti cha abiria, nikaenda nayo barabara ya Mwatate na kurudi, halafu nikaangalia imemwaga kiasi gani. Mwanzoni nilirudi na kiti kilicholowa chapachapa. Tulipomaliza, maji yalikuwa yanacheza tu humo ndani, hayamwagiki. Nililia peke yangu ndani ya gari kwa furaha, jambo ambalo sikumwambia mtu.

Kikabaki kiti. Kile cha zamani kilikuwa chembamba, cha kumbana dereva wa mbio asiyumbe, na baba asingeweza kubanwa. Fundi wa viti hapa mtaani alisema atatengeneza kingine, mkonge chini, sponji juu, lakini ni lazima aje ampime mgonjwa mwenyewe mgongo, mabega na mapaja. Alikuja na utepe wake shingoni. Mama alimkuta mlangoni.

Lazima niseme kwamba fundi huyo hatengenezi viti tu. Upande mmoja wa kibanda chake kuna viti vya magari, upande wa pili kuna majeneza anayoyatia sponji hiyohiyo na kitambaa cheupe. Kila mtu wa Kaloleni anamjua kwa kazi zote mbili, na hakuna asiyejua kwamba mtu aliye hai, amelala kitandani, hapimwi kwa utepe ule.

"Hutampima mume wangu," mama alisema. Hakupandisha sauti.

Nilijaribu kumweleza kwamba ni kiti tu. Nilikasirika, nikamwambia mambo ya kizamani yatamtesa mgonjwa. Aliingia ndani akarudi na koti la suti la baba, lile la harusi na misiba, akampa fundi. "Pima hili," akasema. Fundi akalikunjua, akalipima mabega na urefu, akaandika kwenye kiganja chake, akaenda zake. Na mimi niliyejifanya ndiye mwenye akili hapo nyumbani sikukumbuka kwamba koti lile lilishonewa mwanamume aliyekuwa akiinua injini kwa mikono na kuiweka mezani.

Siku ya safari tulimbeba baba asubuhi tukamweka kitini, akapotea humo. Kilikuwa kiti kizuri, laini, chenye mshono ulionyooka, na baba alikuwa ndani yake kama mtoto kwenye kochi la wageni. Pande zote mbili palibaki nafasi. Nilipolisogeza gari kidogo tu aliangukia mlangoni na kutoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Tulimzungushia mito, ikateleza. Nilisema turudishe kiti kikapunguzwe, kesho tujaribu tena.

"Kesho ya nani?" baba akauliza.

Mpango ulikuwa mama afuate nyuma kwenye pikapu ya jirani, pamoja na godoro na vyombo. Aliitazama ile nafasi iliyobaki kitini, akafunga kitambaa chake, akaingia. Akakaa nyuma ya baba, akamweka katikati ya mapaja yake, akamzungushia mikono kifuani. Kiti kiliwatosha sawasawa. Nikawafunga mkanda mmoja. Pikapu ikatangulia Ronge na godoro na vyombo.

Tuliondoka Voi polepole. Kila tuta baba aliguna, na mimi kila alipoguna nilikaza meno. Alisema mara moja tu, "Springi umeweka vizuri." Mwatate tukasimama, mama akamlowesha midomo kwa maji. Mbele kidogo tukaiacha lami, tukaanza kupanda, na hapo ndipo nilipokuwa nahofia kuliko kote. Makorongo, mawe, kona juu ya kona. Lakini baba hakuguna.

Nilifurahi. Nilianza kuongea kama kasuku. "Baba, umeona hilo shimo? Zamani lingetuvunja sote. Umeona? Hata hukulisikia." Nikamsimulia habari ya sufuria. Nikamwambia nitalipaka rangi mpya, ileile ya kijani.

"Amelala?" nikauliza.

"Amepumzika," mama akasema. "Endesha, mama. Usisimame."

Pale Ronge walikuwa wamelisikia gari likipanda, wakatoka. Shangazi yangu, dada yake baba, alikuwa mbele, na walipomwona baba amekaa ndani ya gari lake, kidevu kikiwa kimeegemea mkono wa mama, walipiga vigelegele mpaka nilipozima injini. Shangazi akaingiza mkono dirishani akaushika mkono wa baba. Akamtazama mama.

"Tangu tulipoacha lami," mama akamwambia.

Ndipo walipoanza kulia.

Nilimchukia mama kwa siku kadhaa, na kuna siku bado namchukia. Aliniacha niongee na maiti njia yote ile, nikimwambia habari za rangi. Baada ya mazishi nilimkuta jikoni anachambua maharagwe, nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

Hakuacha kuchambua. "Ningekuambia ungesimama," alisema. "Tungemlaza wapi? Gari lina viti viwili."

Kisha akaniambia jambo ambalo sikuwa nimeliuliza. Kwamba baba alipokuwa akikata roho alikuwa anajua bado yuko barabarani, akamwomba amkalishe vizuri, amnyooshe shingo. Na kwamba mkono wake yeye mama, ule uliokuwa umeshika kidevu cha baba, haukuwa na nguvu tena tangu kona ya tatu, lakini hakuuondoa.