Barabara ya Sugiya

Sugiya aliolewa kijijini kwetu Karmahi akiwa msichana, akazaa wana watano. Kwenye harusi ya jirani, mgeni mmoja aliwapanga ukutani akawahesabu kwa kidole huku akimsifu mama yao. Baridi ya mwaka ule haijaisha, homa ilikuwa imechukua wawili. Tangu hapo Sugiya hakuhesabu mtoto, wala hakuruhusu mtu ahesabu. Hata chapati aliwawekea kwa kukadiria, akitazama pembeni.

Kwetu hakuna aliyemwona mjinga kwa hilo. Mama zetu wote walikuwa hivyo.

Ndiyo maana karani wa sensa alipokuja, Sugiya aliwasukuma wajukuu wote kwenye banda la majani ya ng'ombe, akasimama mlangoni na upindo wa sari usoni.

"Mama, humu mna watoto wangapi?"

"Wawili tu."

"Na nguo zote zile kwenye kamba?"

"Za jirani."

Wanawake wa nyumba za karibu walipomsikia, nao wakaficha wa kwao. Karani akanywa chai, akaandika alichoambiwa, akaenda zake.

Miaka ikapita. Serikali ikaanza kuleta lami, lakini kwa vijiji vyenye watu kuanzia mia tano. Belwa, kijiji jirani, wakapata. Sisi, kwa hesabu ya karani yule, tukaambiwa hatutoshi. Lami ikaishia ng'ambo ya kijito, na basi hugeuzia pale, mara moja kwa siku, asubuhi. Mgonjwa hubebwa na wanaume wanne juu ya kitanda cha kamba, wakipita kwenye kingo za mashamba ya mpunga. Njia hiyo ikaitwa Barabara ya Sugiya. Watu waliitaja mwenyewe akisikia, na wanawake waliomwiga siku ile ndio waliocheka zaidi.

Msimu wa mvua uliopita, Harkhu, mjukuu aliyelelewa na Sugiya mwenyewe, alimbeba mkewe Phulmatiya kwenye kitanda hicho, uchungu umemshika. Phulmatiya alikata roho kabla ya kijito, mtoto akiwa bado tumboni.

Baada ya mavuno Sugiya aliteleza kisimani akavunjika nyonga. Mganga wa mifupa alimpapasa, akasema asipofika hospitali ya mjini hatasimama tena. Kulipokucha Harkhu na wanaume watatu wakambeba. Mbele alikuwa Dhanesar, mtani wa kijiji kizima.

"Bibi, unaionaje barabara yako? Laini, eh?"

"Polepole, baba. Naumia."

"Kama unaumia, waite wale wawili wako wakubebe."

Wakacheka. Karibu na kijito, pale alipofia Phulmatiya, Harkhu akasema, "Wekeni chini."

Ng'ambo, basi lilikuwa limeshawashwa na kondakta anaita abiria. Harkhu akachuchumaa kando ya kitanda.

"Bibi, siku ile kwenye majani nilikuwemo. Nilikuwa wa ngapi?"

"Mjukuu wangu, basi litatuacha."

"Nihesabu. Mimi peke yangu. Sema, mmoja ni Harkhu, nasi tutakuinua."

Dhanesar alikuwa ameacha kucheka. "Sema tu, bibi. Neno lenyewe dogo."

Sugiya akafumba macho. "Nikulishe, nikuogeshe, halafu nikuue kwa mdomo wangu?"

"Phulmatiya ulimuua kwa mdomo huo huo."

Basi likapiga honi.

"Wangapi, bibi?"

"Wawili tu," akasema Sugiya.

Basi likaondoka, viti vingi vitupu. Harkhu alilitazama mpaka likapotelea kwenye kona ya Belwa, kisha akashika mguu wake wa kitanda.

"Inueni. Tunarudi."

Sugiya hakusimama tena. Hukaa jikoni sakafuni, akikanda unga na kuchoma chapati bila kunyanyuka. Harkhu akitoka shambani, bibi humwekea kwenye sahani, akitazama pembeni kama siku zote. Harkhu hukaa mbele yake, akaziinua moja moja na kuzihesabu kwa sauti, wala haanzi kula mpaka bibi azibe masikio.