Fundi antena wa Karatu na chati ya joto ya nesi wa Buger

Saa mbili asubuhi ukungu haujainuka vizuri Buger, lakini Emilian Qamara ameshapanda juu ya paa la kituo cha afya cha kanisa. Mkononi ana spana namba kumi na tatu, na mbele yake kuna sahani ya wavu wa chuma iliyofungwa kwenye bomba, ikitazama mjini Karatu.

"Dada Scholastika, leo inasomaje?" anauliza, akiinamia dirisha lililo chini ya miguu yake.

"Sitini na mbili. Imetulia," sauti inajibu kutoka ndani. "Shuka tunywe chai."

Emilian hashuki kwanza. Anajaribu nati moja moja, kisha anapangusa kinyesi cha ndege kwenye bomba. Hufanya hivi kila Jumatatu, na hakuna anayemlipa kwa safari hii.

"Nina deni la shukrani hapa," anasema. "Hilo silimalizi kwa kufuta bomba."

Emilian, mwenye umri wa miaka 41, ni mzaliwa wa Rhotia aliyeishia darasa la saba. Kwa miaka kumi na mmoja amekuwa akifunga antena za televisheni mjini Karatu, na siku ikiwa nzuri hupata kazi mbili za shilingi elfu tano kila moja. Mwaka jana, 2005, kanisa lilipotafuta mtu asiyeogopa mapaa, watu walimtaja yeye.

Kazi yenyewe ilikuwa kufunga sahani mbili zinazotazamana, moja mjini na nyingine Buger, ili intaneti ipite hewani bila waya. Kituo hakina daktari. Nesi Scholastika Tarimo alitakiwa awe anapiga picha ya kidonda na kuituma kwa daktari Arusha, apate majibu siku hiyohiyo. Kabla ya hapo alikuwa akiandika barua, anampa dereva wa gari la abiria, kisha anamwachia Mungu.

Kompyuta huonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba yenye alama ya kutoa mbele yake. Kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu, kwa hiyo sitini ni bora kuliko themanini. Hilo Emilian alilielewa siku ya kwanza. Kilichomponza ni ufundi wake mwenyewe.

"Kwenye televisheni unazungusha antena, wa ndani anakuambia picha imetulia, unakaza nati, unashuka," anasema. "Basi, nilipofika sabini na tisa nikakaza."

Mazoea yana taabu. Sabini na tisa ilifungua barua pepe fupi, lakini picha zilikatika njiani, na mvua ikinyesha hakuna kilichopita. Wiki tatu zikaisha hivyo. Ndipo Herbert, injinia aliyeleta vifaa, alipotuma ujumbe kwamba Ijumaa anakuja kuving'oa avipeleke kituo kingine.

Alhamisi Emilian alipanda tena paa. Safari hii Scholastika alikuwa amechora alama za penseli kwenye bomba, upana wa kidole kimoja kimoja. Kila Emilian alipozungusha kidole kimoja, yeye alisoma namba na kuweka nukta kwenye karatasi ya kuandikia homa za wagonjwa.

Nguvu ya mawimbi ilipanda mpaka ileile sabini na tisa, ikaanza kushuka. Emilian akarudisha sahani na kushika spana.

"Usikaze, fundi," Scholastika alimwambia. "Karatasi yangu haijajaa. Upande wa mkono wako wa kulia hatujaupima."

"Huko hakuna kitu, dada. Namba zinakufa."

"Homa nayo hushuka, halafu ikapanda tena. Mimi simruhusu mgonjwa kwa kipimo kimoja."

Emilian anakiri kwamba aliogopa. Hicho kidogo alichokuwa nacho ndicho pekee kilichowaunganisha na Arusha, na kukiacha kwa hiari kulimwia vigumu. Hata hivyo alizungusha. Themanini na tano. Tisini. Kisha kompyuta haikuonyesha kitu kabisa, kidole cha kwanza, cha pili, cha tatu.

"Nilizitazama alama za penseli nilizozipita," anasema. "Nilitaka kurudi. Yeye akasema tu, kwa sauti ya kumhesabia mtu mapigo ya moyo, 'Endelea, fundi, naandika.'"

Kidole cha nne, themanini na nane. Halafu sabini na nne, sitini na sita, sitini na moja.

Kwenye karatasi sasa kulikuwa na vilima viwili, kidogo na kikubwa. Sahani za aina hii hutupa mawimbi mengi mbele na machache pembeni. Wiki zote tatu Emilian alikuwa amesimama kwenye kile kilima kidogo cha pembeni, akidhani ndicho kilele.

"Nililia, sioni aibu kusema," anasema. "Nililia kwa furaha."

Kesho yake Herbert alifika na maboksi matupu. Alikaa mbele ya kompyuta dakika kumi, akauliza nani aliyeelekeza sahani.

"Nikamwambia ni nesi. Akadhani namtania," Emilian anacheka. Maboksi yalirudi Arusha vilevile, matupu.

Wiki iliyofuata picha ya mguu wa Mzee Lembris, uliokuwa umeanza kunuka, ilitumwa asubuhi. Jibu la daktari lilirudi kabla ya chai ya saa nne, na dawa aliyoitaja ilikuwemo kabatini. Mzee bado anatembea kwa miguu yake miwili.

Sasa kanisa linapanga kuunganisha vituo vingine viwili baada ya mvua za masika, na limemtaka Emilian aongoze kazi hiyo. Ni nafasi ambayo mtu wa darasa la saba haipati mara mbili. Amekubali, kwa sharti moja.

"Nimewaambia wanipe Dada Scholastika kwa siku zile za kufunga," anasema, akishuka ngazi. "Kupanda paa naweza. Lakini mkiniacha peke yangu, nitakaza mapema."