Poda Niliyommwagia Daktari Wetu

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili usije ukanionea huruma kabla hujanijua. Kalemie nzima ilimtafuta aliyemuua mdogo wangu, ikampata mtu mwingine, na mimi nikanyamaza.

Ilikuwa bado wakati wa Zaire. Kabwe, mdogo wangu, alikuwa amemaliza udaktari kule Lubumbashi pamoja na vijana wengine wawili wa mtaa wetu. Madaktari watatu kwa mpigo, kutoka mtaa wa wavuvi na wauza ndagala, dagaa wa ziwani! Papa, baba yetu, alikuwa akiisifu kila mahali diploma ambayo hata hajaiona. Na mimi, dada mkubwa, niliyemlea Kabwe tangu mama yetu alipofariki na kumlipia minerval, ada ya shule, kwa ndagala hizo hizo, nilishona kitenge kipya nikaanza kupita barabara ambazo sikuwa na shughuli nazo, ili watu waniulize kuna nini.

Kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda. Asipokuwa mweupe kuanzia kichwani hadi mabegani, watu huona kama kufaulu kwenyewe bado. Siku ya treni, stesheni ilijaa wanawake wenye makopo ya poda mikononi. Wale wawili walishuka wakamwagiwa, wakacheka, wakapiga chafya. Kabwe alishuka wa mwisho, kitambaa puani, mkono mmoja juu akiwazuia watu. Akanivuta, tukapitia upande wa mabehewa ya mizigo kama watu waliosafiri bila tiketi.

Nyuma yangu nikamsikia Mama Feza, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta.

"Ee, docteur wetu anaogopa poda ya mafukara. Amekwisha kuwa muzungu."

Watu wakacheka. Mama Feza alikuwa na mdomo, lakini roho yake haikuwa mbaya, na maneno ya namna hiyo alimpa kila mtu bila kubagua. Siku nyingine ningecheka naye. Siku ile yaliniingia, yakakaa.

Nyumbani nilimpelekea Kabwe maji ya kuoga, nikamuuliza kwa nini anatuaibisha mbele za watu.

"Yaya, kifua haikupona," akaniambia; kwetu dada mkubwa huitwa yaya. "Imetulia tu. Ile poda inaweza kunifunga pumuzi."

"Papa anasema ilipona kule Mpala, kwa maombi ya mapadri."

"Acha Papa aamini vile. Ni wewe nakuambia, wewe tu. Na pampu yangu ya pumu imeisha na vumbi ya treni. Nimeagiza ingine Kigoma, mashua haijarudi."

Na nani alikijua kifua kile kuliko mimi? Alipokuwa mtoto, moshi wa kukaushia samaki ulimbana hadi midomo ikabadilika rangi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimkalisha wima, mgongo wake kifuani pangu, mpaka pumzi irudi. Ndiyo maana tulimpeleka kusoma misheni Mpala, mbali na moshi wetu. Nilijua, na nikaambiwa tena kwa mdomo wake mwenyewe. Sina pa kujificha.

Lakini moyo ukikasirika hukosi la kujiambia. Nikajiambia mtu mzima, tena daktari, pumu ya utotoni itamfanya nini? Nikajiambia anatuonea haya, sisi tuliomsomesha tukinuka samaki.

Sherehe ya wote watatu ilifanyika kwetu Jumapili, baada ya misa. Kulikuwa na samaki mikebuka wa kukaanga, mbuzi, sombe ya majani ya mihogo na bia, na Papa akatoa hotuba ndefu hadi mbuzi akapoa. Wale wenzake wawili walikuja na poda vichwani, wamemwagiwa makwao. Suti ya Kabwe peke yake ilikuwa nyeusi safi. Kila mgeni aliyeingia kwenye lupango, ua wa nyumba yetu, alikiangalia kichwa chake, kisha akaniangalia mimi.

Muziki ulipopigwa aliingia katikati kucheza. Kabwe hakujua kucheza tangu zamani, alirusha miguu tu, na watu walimpenda kwa hilo. Alikuwa anahema na kucheka, mdomo wazi. Nikalitoa kopo nililolificha kwenye kitenge, nikamjia kwa nyuma, nikammwagia lote.

Vigelegele vilisikika mpaka mtoni Lukuga. Akageuka, akaona ni mimi, na akajaribu kucheka. Ndugu yangu unayenisoma, alijaribu kucheka ili nisiaibike. Na watu walipoona dada mtu ameruhusu, wakaja wote na makopo yao.

Alishika ukuta, akakaa chini, mikono magotini. Ule mluzi wa kifuani niliokuwa nimeusahau ukaanza. Wenzake walisimamisha muziki wakamkimbilia, naye akawatajia jina la dawa kwa Kifaransa, silabi moja moja, kama mwanafunzi mbele ya mwalimu. Mfanyabiashara mmoja alitoa kamio yake ya kubebea mizigo, tukampeleka hospitali. Dawa ile haikuwepo. Miaka ile dawa nyingi hazikuwepo, na simlaumu mtu wa pale. Walimpa walichokuwa nacho. Madaktari wawili wapya, poda bado usoni, na mgonjwa wao wa kwanza alikuwa mwenzao.

Niliomba wanipe nimshike kama zamani. Nikamkalisha, mgongo wake kifuani pangu. Pumzi haikurudi.

Wale vijana walimweleza Papa ukweli, wakiwa wanalia.

"Papa, ni pumu. Ni ile poda."

"Pumu ilipona," Papa akajibu. "Na poda gani inaua muntu? Ninyi watatu mulimwagiwa. Mbona mumoja tu amekufa?"

Hapo ndipo balaa la pili lilipoanza. Msibani mtu akauliza nani hakumwaga poda siku ile. Watu wakakumbuka kwamba Mama Feza alikaa kwenye kiti chake, kopo mapajani, halijafunguliwa. Yeye alisema kijana alikataa poda stesheni, basi asilazimishwe. Katika lupango mzima ni yeye peke yake aliyemheshimu Kabwe, na hilo ndilo walilolifanya ushahidi. Wakasema alimnyima baraka. Wakasema amemroga.

Wakaja kwangu nilipokuwa nimekaa kwenye mkeka.

"Wewe yaya yake, ulikuwa karibu. Huyu mama alisema nini pale stesheni?"

Nilikuwa na nafasi. Ningesema tu kwamba Kabwe aliniambia kifua hakikupona, nikammwagia makusudi. Lakini Papa alikuwa amekaa mbele yangu ananiangalia, na alikuwa amebaki na mimi tu. Niliogopa macho yale.

"Alisema Kabwe amekuwa muzungu," nikajibu.

Ilikuwa kweli, na iliwatosha. Vijana walivunja mlango wake, wakatupa sufuria na magodoro barabarani. Alipita mbele yangu na furushi kichwani, watoto nyuma. Alikuwa na mazoea ya kuniita mama wa Kabwe, kwa vile nilimlea.

"Mama Kabwe," akasema taratibu, "wewe unajua mimi sikumufanya kitu."

Nikainamisha kichwa. Akaenda mahali paitwapo Bendera, kwa kaka yake aliyefanya kazi kwenye mitambo ya umeme.

Papa alikufa akiamini ni uchawi. Baada ya kumzika nilifunga safari hadi Bendera, nikamkuta Mama Feza shambani kwenye mihogo, amekonda, nywele zote nyeupe. Nikamwambia kila kitu, tangu maji ya kuoga hadi mkeka wa msibani. Nilitegemea anipige jembe. Alinipa kiti.

"Mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini watoto wangu wanaitwa watoto wa muchawi mupaka leo, hata kuoa wanakataliwa. Rudi Kalemie, simama mbele ya watu, sema vile umenisemea hapa. Ile tu."

Niliapa nitafanya. Jumapili iliyofuata, watu walipotoka misa, nilisimama pale nje. Nikawasalimia wote, nikauliza habari za watoto, nikarudi nyumbani. Jumapili nyingine ikawa vilevile. Nikasema nitangoja Pasaka ipite. Pasaka ikapita. Kisha habari ikaja kwamba Mama Feza amezikwa Bendera, na hakuna mtu wa mtaa wetu aliyekwenda kumlilia, hata mimi.

Wewe uliye na mtoto aliyefaulu, akikuambia hataki poda, mshike mkono tu na umsikilize. Majirani watacheka siku moja, watapata mwingine wa kumcheka. Na ukishakosa, sema siku ile ile, mbele ya watu wale wale. Usijidanganye kwamba utasema kesho, maana kesho mdomo ni mzito zaidi, na kuna mtu anabeba mzigo wako wakati wewe unajipanga.

Basi nimesema. Mama Feza hakumroga mtu. Aliyemmwagia Kabwe poda, huku akijua inaweza kumfunga pumzi, ni dada yake. Nilitaka kwa maandishi haya nimsafishie jina lake. Lakini Feza si jina la binti yake, wala Kabwe si jina la mdogo wangu. Nimeyabadilisha yote mawili, kwa sababu majina yao ya kweli yangewaonyesha watu mimi ni nani.