Santuri za Baba Zilizokwenda Handeni

Marehemu baba aliniachia santuri za muziki wa roki, alizopewa na meneja wa shamba la mkonge hapa Korogwe. Mume wangu Mhina akazihamishia Handeni kwa mke mdogo, akaniletea CD za nyimbo zilezile.

"Hizi ndizo bora, mama Zaina. Sauti safi, hazikwaruzi."

Gitaa lililokuwa likitetemesha kabati sasa lililia kama redio ya jirani. Nikachoka. Nikabeba CD zangu mpaka Handeni, nikamkuta Mhina na mke mwenzangu Shadya wanapiga santuri.

"Shikamoo, dada," akasema Shadya.

"Marahaba. Mume wetu anasema CD ndizo bora. Mimi ni nani nikunyime? Nipe hayo makwaruzo ya baba yangu."

Shadya ndiye aliyenifungia santuri kwa khanga yake.