Mstari Mweusi Juu ya Myamba

Kuna jambo ambalo nikilikumbuka, hata niwe peke yangu jikoni, najifunika uso kwa khanga kama vile kuna mtu ananitazama. Nimekaa nalo miaka mingi nikisikia watu wakilisimulia wanavyojua wao, wengine wanasema nililogwa, wengine wanasema nilitumwa na serikali, sasa acheni niliseme mwenyewe, maana aliyelifanya ni mimi Nakiete na wala sikulogwa.

Wakati huo nilikuwa mpimaji wa hali ya hewa pale Same mjini. Jina ni kubwa lakini kazi yenyewe ilikuwa kutoka uani kila baada ya saa tatu, kusoma vipimajoto, kutazama mawingu na kupima mvua kama ipo (mvua ya Same mnaijua, kipimamvua chetu kilikuwa kinakusanya vumbi na panzi), halafu kutuma taarifa kwa redio ya upepo. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, maduka yameanza kujaa, mitumba imeruhusiwa, lakini ofisini hata karatasi za kuandikia hatuna na kila tukikaa tunasikia majina ya wanaopunguzwa kazini. Kwa hiyo nilikuwa na hofu, na niseme ukweli, nilikuwa pia na hamu ya kuonekana mtu wa maana.

Basi nikatumwa kupeleka vitabu vya kumbukumbu kwenye kituo kikubwa cha mkoani, na huko ndiko nilikoona kwa mara ya kwanza mashine inayopokea picha kutoka setilaiti ya hali ya hewa. Fundi wake, Bwana Shabani, mtu mmoja mpole wa Tanga, alinionyesha nchi yetu inavyoonekana ukiitazama kutoka juu, hili ziwa, ule Kilimanjaro, mawingu haya meupe kama pamba. Akanieleza kwamba volkano ikilipuka, setilaiti inaweza kuona majivu na moshi wake ukisafiri angani, na hewa ile chafu inaweza kwenda mbali kabisa na mlima, ikachanganyika na mvua, mvua ikawa kali kama siki. Mimi mdomo wazi. Nikamwomba picha moja niende nayo nyumbani nikamwonyeshe baba.

"Chukua hiyo," akasema, akinyooshea kidole picha iliyokuwa juu ya kapu la taka. "Hiyo ni mbovu."

Nilidhani ubovu wake ni kukunjamana. Nikainyoosha kwa kiganja, nikaitia mkobani, nikaaga. Sikuuliza ni mbovu vipi. Swali la maneno mawili matatu tu, na sikuliuliza.

Kwenye basi nikaitoa niitazame vizuri, ndipo nikaona mstari mweusi unaanzia kule Bonde la Ufa, karibu na Oldonyo Lengai, mlima wa Wamasai unaotema moto, unashuka moja kwa moja mpaka juu ya milima yetu ya Upare. Wiki hiyo mbuga yote ya chini ilikuwa na ukungu wa rangi ya majivu (vumbi la kiangazi, nani asiyelijua, tena mimi ndiye niliyelipwa kulijua), na wafugaji walikuwa wamesema mlima wao unafuka. Mpaka nafika Same nilikuwa nasikia harufu ya kibiriti puani.

Jumamosi nikapanda mlimani, kijijini kwetu Myamba. Baba yangu alikuwa mwalimu mstaafu, kifua chake kibovu, lakini ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ndiva yetu. Ndiva ni bwawa tulilorithi kwa mababu, linakusanya maji ya mlimani, halafu linazibuliwa kwa zamu kumwagilia mashamba. Mwaka ule mvua zilikuwa zimesuasua, kwa hiyo maharage, mahindi na tangawizi ya watu wote wa upande wetu ilikuwa inategemea maji yale.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Umetuletea nini?"

Nikamletea mstari mweusi. Akavaa miwani, akaishika picha kwa mikono miwili, akauliza huu ni nini.

"Nadhani ni moshi wa Lengai, baba. Nadhani hewa yake chafu imeshatufikia."

Baba alikuwa na kawaida ya kumeza "nadhani" za watoto wake na kubaki na yaliyofuata. Kabla chai haijachemka alikuwa amevaa koti, na ilikuwa siku ya soko, kwa hiyo watu hawakuhitaji kuitwa. Nikasimamishwa juu ya kreti la bia katikati ya soko, na sketi yangu ya mitumba iliyokuwa inanibana, nikaiinua picha juu watu waione. Ningeweza kusema kidogo nikashuka. Lakini ninyi hamjawahi kunyamaziwa na soko zima! Wauza ndizi wamenyamaza, wazee wamevua kofia, basi nikaongeza kuhusu mvua kali kama siki, nikaongeza kuhusu majani kuungua, nikasema maji yaliyokaa wazi ndiyo ya kuogopa kwanza, hasa kwa mifugo na watoto.

Mzee Senkondo, jirani yetu, akanyoosha mkono. "Binti, yale maji yamechukua wiki nzima kujaa. Tusingoje siku mbili tukaona?"

Nikajibu, na hili ndilo linalonifunika uso mpaka leo, "Mzee, macho yako na setilaiti, kipi kinaona mbali?"

Watu wakacheka. Mzee Senkondo akaurudisha mkono wake.

Saa sita mchana baba akaizibua ndiva kwa mkono wake mwenyewe. Ikaamuliwa maji yasipite mashambani, yapelekwe korongoni yakapotee huko, na yakapotea kweli, yakiteremka na kelele, meupe, safi, na akina mama wakisimama kando kuyatazama. Nyumbani watu wakamwaga na maji ya mapipa yao. Baba alikuwa ananitazama kwa fahari, na mimi nilikuwa najiona kama nimeokoa kijiji.

Habari zikashuka mpaka wilayani, na siku ya nne likapanda gari lenye afisa mmoja pamoja na Bwana Shabani mwenyewe. Watu wakakusanywa tena pale pale sokoni. Shabani akasalimia, akaiomba picha yangu, halafu akatoa bahasha ya picha nyingine akazipanga moja moja juu ya meza ya muuza nyanya. Zote zilikuwa na mstari mweusi mahali pale pale. Moja ilikuwa ya bahari tupu, haina hata kisiwa, nayo ina mstari.

"Hii ni sindano ya mashine," akasema taratibu. "Imechakaa, inakwaruza karatasi. Tumeomba nyingine, tunaambiwa fedha za kigeni hakuna. Lengai ingetoa moshi mkubwa tungeuona, lakini huu sio." Kisha akanigeukia, akashusha sauti, "Dada Nakiete, si nilikwambia ni mbovu?"

Halafu mtu mmoja nyuma akaguna, mwingine akaangua kicheko, na soko zima likafuata, watu wanashikana mabega, wanafuta machozi, "Sindano! Tumemwagiwa maji na sindano!" Mimi nikabaki nimesimama, nikijaribu kutabasamu (sijui kwa nini, nadhani uso ulikosa kazi nyingine). Mzee Senkondo peke yake hakucheka. Alisubiri mpaka watu wakachoka, akauliza, "Na maji?"

Kicheko kikaishia hapo.

Mvua hazikuja kwa muda mrefu. Ndiva ikawa inakusanya tope tu, maharage yakakaukia kwenye maua, tangawizi ikawa ya manjano. Watu wa kwetu walikula makande ya kuhesabu mwaka ule. Kazini nilipewa barua ya onyo, na mjini jina langu likawa Setilaiti, nikipita sokoni wananiuliza, "Setilaiti, leo tuanike nguo?" Hilo nililizoea.

Nisilolizoea mpaka leo ni la baba. Aliuacha uenyekiti kabla hawajamwambia auache, kisha asubuhi moja akachukua fimbo akaniambia, "Twende." Tukapita nyumba kwa nyumba, yeye akipumzika kila kilima kwa ajili ya kifua, na kila mlango alisema maneno yale yale, "Nimewakosea. Nilizibua maji bila kungoja." Nilipofungua mdomo niseme kosa ni langu, alinikata, "Wewe ulisoma picha. Aliyezibua ni mimi." Nyumba moja walituona wakafunga mlango. Kwa mzee Senkondo tulikaribishwa, tukapewa chai kavu, tukainywa wote watatu tukilitazama shamba lake lililokauka. Zamani watu walimletea barua zao awasomee. Baada ya hapo waliacha.

Miaka mitatu baadaye kifua kilimlaza kabisa. Nikaomba likizo nikamuuguze. Alasiri moja nilimtoa nje nikamkalisha kwenye kiti, mawingu yakawa yanajikusanya upande wa mlima Shengena, akayatazama weee, kisha akaniuliza, "Nakiete, itanyesha leo?"

"Sijui, baba."

Akavuta pumzi kwa shida. "Ungesema hivyo siku ile," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alinipa mkono tu nimsaidie kuingia ndani, na wiki hiyo hiyo tukamzika. Mazishini mzee Senkondo ndiye aliyeshika jembe wa kwanza. Mimi nilirudi kazini, na mpaka nastaafu, kila picha iliyonifikia niliuliza kwanza ina ubovu gani, hata kama wenye picha walinicheka, na sikupanda tena juu ya kitu chochote kuwaambia watu jambo ambalo sijalihakikisha, na sitapanda.